Kamba ya Mama

Huko kwetu Sapiwi tulikuwa na ekari moja tu, na mama alikuwa anatulea peke yake. Kila Desemba aliigawa kwa kamba ya katani: upande mmoja viazi vitamu, upande wa pili pamba. Kwanza alichungulia gunia la michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa. Kisha, kulingana na kilichobaki, akaisogeza kamba hatua mbili tatu, basi.

Nikiwa kidato cha tano nilirudi likizo na daftari la uchumi na kichwa kikubwa.

"Mayu, mwaka huu tupande pamba tupu," nilimwambia mama. "Bei ni nzuri. Chakula tutanunua Bariadi."

Alikuwa ananoa jembe. "Na majirani wote wakilima pamba wakategemea kununua chakula, wa kutuuzia atakuwa nani?"

Nilikasirika. Mwanamke aliyeishia darasa la nne alikuwa ameniuliza swali, na nilipekua daftari zima bila kupata jibu. Nikamng'ang'ania siku tatu, mpaka akanipa ncha ya kamba. Niliisogeza hatua ishirini, nikila eneo la viazi vya wadogo zangu watatu.

Pamba ilistawi, sikatai. Tuliuza vizuri, nami nikatamba kijiji kizima. Mama aliendelea kuanika viazi vyake vichache juu ya mawe.

Likizo ya Desemba iliyofuata nilikuta gunia la michembe limekwisha. Mvua zilikuwa zimechelewa, mahindi yamepanda bei, hela ya pamba imekwisha, na karibu kila nyumba ilikuwa inatafuta ya kununua. Zizini, yule ndama pekee aliyekuwa akimfuga mama hakuwepo. Alikuwa amemuuza ili wadogo zangu wale. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mvua iliponyesha niliamka alfajiri, nikaing'oa kamba, nikaanza kupiga matuta ya viazi shamba zima. Mama akaja akasimama, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Yote viazi, mwanangu? Na sabuni tutaivuna wapi?"

Akaichukua kamba, akairudisha mahali pake pa zamani. Akafikiri kidogo, akaisogeza hatua tatu kwenye pamba ili viazi viongezeke.

Siku hizi nafundisha uchumi mjini Bariadi. Kila mwaka, kipindi cha kwanza, naingia darasani na kamba.