Kovu la Kidole Gumba

Kwa miaka kumi na tisa, kazi ya mama mmoja ilikuwa kusema neno moja. Alisimama katika ukumbi wa pili wa jumba la makumbusho, sare ya kijani, funguo kiunoni, na kila mtoto aliponyoosha mkono kuelekea kwenye kabati la kioo, alisema, "Usiguse." Hakulisema kwa ukali, ila lilitosha. Wanafunzi wakambandika jina la Bi Usiguse, na wafanyakazi wenzake wakalidaka. Hata mumewe, fundi viatu, mtu wa maneno machache na utani mwingi, alikuwa akimsogezea chakula na kumwambia, "Sahani hii umeruhusiwa kugusa."

Jina halikumuuma. Kilichomuuma ni kingine. Shule zilikuja na watoto sitini kwa mkupuo, wakapangwa mstari, wakanakili maandishi ya vibao kwenye madaftari, wakaondoka. Dakika arobaini tu. Ukimuuliza mmoja wao mlangoni ameona nini, alifungua daftari kwanza ndipo ajibu.

Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba, lakini mama yake mzazi alikuwa mfinyanzi. Kila Jumatatu, siku ambayo jumba halipokei wageni, alifungua makabati ya vyungu vya kale na kupangusa vumbi kwa brashi laini, na alijua kwamba vyungu vile vilitoka mikononi mwa watu waliochoka, wenye haraka, pengine wenye mtoto analia pembeni. Kibao gani kilisema hayo? Aliwahi kumwomba mhifadhi mkuu watoto wawekewe meza ya vitu vya kushika. Mhifadhi alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akasema, "Mama, wewe tulindie tu."

Akaendelea kulinda, mpaka Jumatano moja asubuhi liliposimama basi dogo, wakashuka watoto kumi na wawili, kila mmoja na fimbo nyeupe. Walikuwa wanafunzi wa shule ya wasioona. Mwalimu wao alikuwa ameandika barua mwezi mmoja kabla, na barua ilisema tu "wanafunzi kumi na wawili wa darasa la sita." Hakuna aliyeuliza zaidi.

Mwongozaji wa wageni, kijana mwenye sauti nzuri, aliwasimamisha mbele ya kabati la vyungu. "Hapa mbele yenu mnaona," akaanza, akajikwaa, akaanza upya. Mwisho akaamua kuwasomea vibao, kimoja baada ya kingine.

Binti mmoja mrefu alimkatiza. "Samahani, kaka. Sisi leo tumeletwa kujifunza habari za vioo?"

Wenzake wakacheka. Mwalimu wao akasema kwa upole, "Mwanangu, heshima."

"Heshima ninayo, mwalimu. Nauliza tu. Nimepapasa tangu mlangoni, ni kioo, kioo, kioo."

Viganja vyake vyote viwili vilikuwa juu ya kabati. Neno la Bi Usiguse lilikuwa limeshafika mdomoni. Akalimeza. Alitazama mlango wa ofisi, akawatazama watoto, akasema moyoni, liwalo na liwe. Akawapeleka wakanawe mikono na kuikausha vizuri, akawaketisha sakafuni kwa duara, miguu wameikunja, akatandaza mablanketi mazito katikati. Kisha akachukua ufunguo.

"Mama, tutafukuzwa," mwongozaji alimnong'oneza.

"Wewe hujafungua. Nimefungua mimi."

Aliketi nao chini. Kila chungu kilipopita mapajani mwa mtoto, mikono yake ilikuwa chini kukidaka. Mvulana mmoja alipapasa kitako cha chungu kikubwa, akanusa vidole vyake, akatangaza kwamba hiki kilipikiwa kwa kuni. Mwingine alipima mdomo wa chungu hicho kwa shubiri. "Huyu alikuwa na ukoo mzima wa kulisha," alisema. "Sufuria ya bweni letu haifiki hapa." Maswali yakawa mengi. Nani alikwenda kuchota udongo? Kikipasuka, aliyepasua alichapwa? Bi Usiguse alijibu anayoyajua, na asiyoyajua alisema hajui. Alitazama huku na huku, hakuona daftari hata moja.

Yule binti mrefu alikaa na chungu chake muda mrefu kuliko wote. Akaomba arudishiwe kilichotangulia. Akaingiza kidole humu, akaingiza mle.

"Shangazi, hivi viwili vimefinyangwa na mtu mmoja."

"Hapana, mwanangu. Hicho kilichimbuliwa mlimani. Hiki kilitoka bonde la mto, mwendo wa siku kumi kwa miguu. Ndivyo kibao kinavyosema."

"Kibao mimi sijakiona. Ingiza kidole shingoni kwa ndani, pale alipokuwa anabonyeza. Kidole gumba chake kina kovu. Linakata hivi, mshazari. Haya, sasa ingiza kwenye hiki."

Bi Usiguse aliingiza. Alijua tangu utotoni kwamba shingo ya chungu humaliziwa kwa kidole gumba, kwa ndani, mahali ambapo mdomo mwembamba hauruhusu jicho kufika. Na brashi yake, miaka yote hiyo, haikufika huko. Mstari ulikuwepo. Akahamia chungu cha pili. Ulikuwepo pia, urefu uleule, mlalo uleule.

Aliponyanyua kichwa, alikutana na viatu vya mhifadhi mkuu.

Mzee yule hakupaza sauti. Alisubiri vyungu virudishwe, watoto waagwe mpaka kwenye basi, ndipo akamwita ofisini.

"Miaka kumi na tisa, mama," alisema. "Niambie mwenyewe, nikuandikie onyo au nikuandikie barua ya kuachishwa kazi?"

"Andika unayoona inafaa, baba. Ila kabla hujaandika, twende ukaingize kidole."

"Sina muda wa mchezo."

"Si mchezo. Mtoto asiyeona ameona kitu ambacho sisi wenye macho kimetupita. Ukikuta nimesema uongo, usichoshe mkono wako kuandika. Nitaondoka mwenyewe."

Labda ni kwa sababu hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho. Mzee alisimama, akamfuata, akavaa glavu zake nyeupe.

"Vua," Bi Usiguse alisema. "Na ufumbe macho."

Alivua, akafumba. Kidole kikaenda chungu cha kwanza, kikaenda cha pili, kikarudi cha kwanza. Mara tatu. Kisha mhifadhi mkuu akaketi sakafuni na suti yake.

"Nimeandika kitabu kizima," alisema. "Nimeandika kwamba watu wa mlimani na watu wa mtoni hawakuwahi kujuana."

Barua haikuandikwa. Jioni ile mumewe alipohadithiwa, alitikisa kichwa juu ya soli aliyokuwa akishona. "Mbona hilo liko wazi? Kiatu cha fundi mwingine mimi nakijua kwa ndani, si kwa nje." Halafu, jambo asilolifanya mara nyingi, akaweka sindano chini akaomba asimuliwe tena kuanzia mwanzo.

Wataalamu walikuja na plasta ya kunakilia alama na hadubini zao. Ilichukua miezi minne. Kidole kilikuwa kimoja, na udongo wa vyungu vyote viwili ulikuwa wa mtoni. Kumbe mtu fulani alibeba chungu mwendo wa siku kumi, akapandisha nacho mlima. Watu wale walijuana, wakauziana, pengine hata wakaoana.

Mwaka ulipoisha, ukumbi wa pili ulifunguliwa upya, ukiwa na meza ndefu katikati: vyungu vya mfano vyenye kovu lilelile, jiwe la kusagia, pasi ya mkaa, kufuli kubwa la chuma. Bi Usiguse alikabidhiwa meza hiyo pamoja na cheo cha msimamizi wa elimu ya vijana. Siku ya ufunguzi, binti mrefu aliombwa awasomee wageni kibao cha nukta nundu. Alipitisha vidole, akasita, akakunja uso.

"Mmekipigilia kichwa chini," alisema.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mhifadhi mkuu alipiga magoti mwenyewe na bisibisi, akakigeuza. Binti akasoma, sauti imetulia: "Vyungu hivi viwili ni kazi ya mtu mmoja. Waliogundua ni wanafunzi kumi na wawili wa darasa la sita."

Makofi yalipigwa mpaka vioo vikatetemeka. Yeye alingoja yaishe.

"Shangazi aliyefungua kabati hamkumwandika," alisema.

Bi Usiguse alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, machozi yanamtoka waziwazi, wala hakuhangaika kuyafuta. Mhifadhi mkuu, bisibisi bado mkononi, alimtazama, kisha akamgeukia binti.

"Tutamwandika," alisema.

Wiki iliyofuata kibao kiliteremshwa tena, kikaongezwa mstari.