Mapacha Wangu Hawavuki Ziwa Bila Kutambulishwa

Ndugu mhariri, nawasalimu wewe na wote wanaousoma ukurasa huu. Jina langu lifiche vizuri, maana mtaani kwetu gazeti ni moja na linazunguka nyumba zote mpaka linaishia kufungia karanga.

Nina miaka ishirini na tisa, naishi Shinyanga mjini. Mume wangu ni fundi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Tuna mapacha wa kike wa miaka minne na mdogo wao ambaye bado ananyonya. Nikiwaita Kulwa na Doto siwafichui, kwa kuwa huku Usukumani kila mapacha ni Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija.

Mimi si wa huku. Nimetoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Bukoba, nikaolewa huku kwenye ugali na mlenda. Mume wangu ni mtu mwema, lakini kutwa nzima yuko kazini, na majirani wakikaa barazani wanaongea Kisukuma, nami nacheka wanapocheka wao. Upweke wa kukaa katikati ya watu ni mbaya kuliko wa kukaa peke yako, aliyeupata anaujua.

Mwaka huu mume wangu amepata likizo. Akaniambia, "Mama Kulwa, safari hii twende sote kwenu. Treni mpaka Mwanza, halafu meli." Nilifurahi mpaka nikaunguza mboga. Watoto wangu hawajawahi kuliona ziwa, na mama yangu hajawahi kuwaona. Macho yake yanakufa. Alimwagiza mtu wa kwetu aliyepita huku: "Mwambie aje nao ningali naona."

Basi nikaanza kupanga. Niliwafumia masweta, kwa sababu baridi ya melini si ya mchezo. Nikatafuta ndimu za kuzuia kichefuchefu na michembe ya kumpelekea mama aonje viazi vikavu vya huku. Nilipanga hata kamba ya khanga ya kuwafunga mapacha kiunoni kwangu, maana wale wakiona vyuma vya ukingo wa meli watavipanda tu. Wao kitanda chetu kilishakuwa meli zamani. Kulwa nahodha, Doto anapiga honi, Shija ni mzigo.

Kosa langu lilikuwa kuanika nguo zote kwa pamoja na kulitoa sanduku nje lipigwe jua, kumbe mtaani kwetu nyumba nzima haifungi safari ila kwa msiba. Mchana wake wanawake wa mtaa wakaingia uani, khanga kiunoni, mmoja na unga, mwingine na kuni kichwani. Wakakaa chini. Mkubwa wao akanishika mkono akasema, "Pole, Mama Kulwa. Nani ametutoka?"

Nikamwambia, "Hakuna aliyekufa, mama. Tunakwenda kutembea tu."

"Kutembea? Na watoto wote? Kwenye meli?"

Walitazamana. Kisha wakanyanyuka, na unga wao wakanyanyuka nao. Huwa nacheka nikikumbuka, lakini siku ile nililia. Nilidhani wamenijia mimi kwa mara ya kwanza, kumbe walikuwa wamejia msiba.

Habari zikamfikia mama mkwe kijijini. Akaja na basi la kwanza, hata maji hakunywa.

"Ng'wanone, mwanangu," alimwambia mume wangu, "hawa ni mapasa. Mapasa hawaingii maji makubwa hivi hivi. Baba yao lazima awatambulishe. Asimame ukingoni, awape maji kinywani wateme, aseme, 'Nimezaa mapasa, tupishe tupite.' Usipofanya hivyo, na mvua zenyewe ndizo hizi zimegoma, watu watasema ni nani aliyezifunga?"

Sote tulijua watasema ni nani. Watasema ni mimi, mgeni.

Mume wangu ni mzee wa kanisa parokiani. Akasema, "Mama, mimi nisimame bandarini mbele ya abiria nitemeshe watoto maji? Padri akisikia?"

"Basi hawavuki."

Nikasema kwa adabu, "Mama, nitawatambulisha mimi. Nifundishe maneno."

Akanitazama bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Mayu, mama, wewe si wa ukoo. Maji hayatakusikia."

Hayatanisikia! Ziwa lile ndilo nililoogea utotoni. Nimekuzwa kwa samaki wake. Lakini mkwe hajibiwi.

Mume wangu hataki kumuudhi mama wala padri, kwa hiyo ameamua kuniudhi mimi. Ameniambia, "Nenda wewe na Shija. Mapacha watabaki na bibi yao, nami nitabaki kuwaangalia." Safari ya sote imekuwa ya mama na mtoto wa mgongoni. Nikifika nitamwambia nini mama yangu, naye atawapapasa kina nani?

Moyoni nina wazo ambalo sijamwambia mtu. Niwabebe wote, na pale bandarini niyaseme maneno mwenyewe, nimeshayashika. Tukifika salama, huenda yakaisha. Lakini mmoja akipata hata homa tu, ndoa yangu itakuwa imezama. Na nikienda bila wao, sijui kama macho ya mama yatangoja likizo nyingine.

Jana niliwaogesha. Doto akajaza maji kinywani, akayatema karaini, akaniuliza, "Mama, bibi anasema wewe siyo wa kwetu. Wewe ni wa nani?"

Nikamwambia, "Mimi ni wa kwenu. Na kwenye meli tutapanda sote."

Nimeshamwambia mtoto hivyo, na sanduku liko wazi sakafuni. Ndugu zangu, hasa mliozaa mapacha na mlioolewa mbali, nishaurini. Nifanye nini?