Mama kafa redioni, watu wamekuja kuhani

Jamani, leo nimepokea watu wa msiba wa mama yangu, na mama mwenyewe yuko uani anakuna nazi.

Mnamjua mama, muimbaji wa taarab wa siku nyingi hapa Bagamoyo. Jana alialikwa kwenye kile kipindi cha vichekesho redioni. Wakamwambia aigize mama mkwe, kwa jina lake mwenyewe.

Akaigiza. Akafa. Watu wakacheka.

Kumbe shangazi kule Mkange kafungua redio mwishoni kabisa. Kasikia jina la mama, kisha vilio.

Asubuhi hii hao mlangoni, wamejitanda kanga, mikeka kichwani, mchele kapuni. Shangazi kilio juu.

Mama akatoka, mikono imejaa nazi. "Wifi, nani kafa?"

Shangazi akamtazama.

"Wewe."

"Basi tandikeni mikeka," mama akasema. "Tui lipo."

Wamepika, wamekula, wamemsifu marehemu mpaka mwenyewe kaona haya.

Sasa nisaidieni jibu. Wageni walipoondoka, mama kaniuliza taratibu:

"Na hao majirani wa hapa mtaani Dunda, mbona hajaja hata mmoja? Redio si wanazo?"