Mguu wa Kulwa na Filimbi Yangu

Admin, nifiche jina. Nina miaka themanini na sita, mwalimu mstaafu, naishi Butimba, na daktari ameshaacha kunipa moyo. Kuna kosa nililofanya nikiwa refa wa mpira wa wavu ambalo sijamwambia mtu, hata mke wangu marehemu.

Mchezo mnaoutazama leo siutambui. Zamani pointi ilikuwa ya timu iliyoanzisha mpira tu, na watu waliitolea jasho. Siku hizi mpinzani akikosea kuanzisha, unapewa pointi umesimama, kama posho ya semina. Halafu kuna yule mchezaji wa jezi ya rangi ya peke yake, wanamwita libero, anaingia na kutoka kama mkaguzi wa shule, na kushambulia haruhusiwi. Lakini kilichonichefua kabla ya hayo yote ni kuruhusu mguu. Mguu, kwenye mchezo wa mikono!

Miaka ya tisini, mashirika yakiuzwa, kiwanda kimoja cha pamba hapa Mwanza kilipata mnunuzi. Akaahidi kwamba timu ya kiwanda ikichukua kombe, wachezaji wake hawatapunguzwa kazi. Fainali, seti ya mwisho, wapinzani wana pointi kumi na nne na ndio wanaoanzisha, kiwanda kumi na mbili. Kijana wa kiwanda, nitamwita Kulwa, akauwahi mpira ukikaribia chini, akaunyanyua kwa mguu, ukavuka na kudondoka ndani kwa wapinzani. Nikapiga filimbi. Kosa. Pointi ya kumi na tano kwa wapinzani, mechi ikaishia hapo.

"Mwalimu, mguu umeruhusiwa. Bukoba wanautumia," Kulwa akaniambia.

"Basi hamia Bukoba. Hapa hatuchezi kwa kwato."

Uwanja mzima ukamcheka. Wakakata rufaa. Kamati ikafungua sheria mpya za Kiswahili, ruhusa ya mguu haimo. Kulwa akapunguzwa, akaishia kuponda kokoto Igoma.

Baadaye kila mtu alijua mguu ni ruksa. Sasa naumwa, na kila Jumapili Kulwa ananiletea sato.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Ile mechi isikusumbue. Hukujua. Hata kamati hawakujua."

Namdharau kwa upole wake, kisha namla samaki wake, najidharau zaidi.

Nimwambie kabla sijafa, au nimwache anizike akiniheshimu? Nielekezeni, ila msinihurumie kabla ya kusikia hili: sheria zile zilikuja kwa Kiingereza, mimi ndiye niliyewatafsiria marefa wa mkoa mzima, na mstari wa mguu niliuruka makusudi.