Petroli Safi ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu aliuua msumeno wangu kwa usafi. Nasema aliuua, wala sitafuti neno laini.

Msumeno wenyewe, ule wa mnyororo na injini, niliuokota kwenye chuma chakavu cha shamba la mkonge pale Kilosa, mwenye shamba alipokwisha kuondoka. Nyigu walikuwa wamejenga ndani ya kabureta. Niliichokonoa kwa waya, nikakwangua masizi kwenye pistoni, nikapachika ringi ya pikipiki niliyoipunguza kwa tupa, nikanoa meno ya mnyororo moja baada ya jingine. Ulipowaka, mbuzi wa jirani walikata kamba. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Mwaka ule tulishushwa kutoka milima ya Vidunda, tukapangwa katika kijiji cha ujamaa upande wa Mikumi. Mke wangu alikuwa na mimba kubwa na nyumba yetu ilikuwa kuta tupu. Nilichotaka ni kukata boriti za paa kabla ya masika, basi.

Baba mkwe alikuwa balozi wa nyumba kumi. Akaamua ofisi ya kijiji iezekwe kwanza, akautwaa msumeno mbele ya watu, pamoja na dumu lake la petroli.

"Mashine ya mtu mmoja ni unyonyaji," alisema, na wapambe wake wakapiga makofi.

Kwetu mkwe habishiwi, hata macho humwinulii. Nikamtuma mke wangu: "Mwambie baba yako, petroli iliyo kwenye dumu nimeichanganya na oili. Asitie nyingine."

Alimwambia. Mzee akafungua dumu, akaona petroli imeingia weusi, akaguna. "Mumeo ameficha nzuri, ananipa uchafu." Akaimwaga chini yote, akatia petroli safi ya kijiji. Injini ya namna ile haina oili nyingine ila hiyo inayokunywa pamoja na petroli. Ilinguruma kidogo, ikapiga kelele, ikanoki. Pistoni ilikuwa imenata kabisa, na mahali pa kupata nyingine hapakuwapo.

Mkutanoni akatangaza kwamba nilikikabidhi kijiji mashine mbovu makusudi. Akaniita kupe. Kwa kuwa ni mkwe, nikainuka, nikaenda zangu nyumbani.

Masika yakaingia. Mtoto wetu akazaliwa chini ya nyasi tulizotandika juu ya mabua ya mtama, zikivuja kila kona. Baba mkwe akaja kumwona mjukuu amevaa koti lake la mikutano. Tone likamwangukia begani. Akatazama juu, kisha akamgeukia binti yake.

"Mwanamume gani huyu, anashindwa hata kuezeka nyumba?"

Nikasimama, nikamkazia macho. "Paa la mjukuu wako ulilimwaga chini wewe mwenyewe. Mjinga mkubwa wewe!"

Mke wangu aliacha kunyonyesha. Akamfunga mtoto kwenye kanga, taratibu, asinitazame.

"Maneno yako nilimfikishia kama ulivyoyasema," akaniambia. "Sikukosea hata moja. Lakini huyu ni baba yangu." Kisha akamgeukia mzee: "Baba, twende."

Wakatoka nje, wakashika njia mvuani. Mke wangu alirudi mavuno yalipokwisha, na mtoto alikuwa amekwisha kuzoea mikono ya babu yake. Mimi aliponiona alilia.

Mzee amekwisha kufa. Radhi sikumwomba, na nikipita kaburini kwake sisimami.