Picha ya Salma Kwenye Skrini Niliyoichagua

Nisiwafiche, mpaka leo nikipita Al Khuwair, hapa Maskati, natazama upande wa pili wa barabara, maana lile jengo lipo palepale na aibu yangu ipo palepale, ghorofa ya tatu, chumba cha mikutano, na haya ninayowaeleza niliyafanya kwa mkono wangu, hakunisukuma mtu.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja (jina lake liacheni), na nilikuwa nawashawishi wakubwa tuhamie kwenye mfumo wa bure, ule usiotaka leseni, unaotengenezwa na watu wa kujitolea. Uzuri wake, na ndio ulionimaliza, ni kwamba kila kitu unachagua mwenyewe, hata ile skrini ya kuingilia inayokuuliza wewe nani kabla hujafika popote. Zilikuwepo mbili. Moja ya kijivu, haina sura, unaandika jina na neno la siri, basi. Ya pili ina rangi, inawapanga watumiaji wote kwa picha zao, unabonyeza uso wako ndipo unaulizwa neno la siri.

Nilichukua siku nne kuchagua (siku nne, kwa kitu ambacho mtu anakitazama nusu dakika asubuhi). Onyango, Mkenya niliyekuwa nikifanya kazi naye meza moja, alinichoka.

"Boss, hiyo ya kijivu iko sawa," aliniambia. "Watu wanataka kuingia wafanye kazi. Hawakuji kuangalia mapicha."

Nikamjibu kuwa wazee wa ofisini wanababaika kuandika majina yao kwa herufi za Kizungu, picha itawasaidia. Ilikuwa kweli, lakini sababu yenyewe ilikuwa kujionyesha. Kwenye kikao cha kuukubali au kuukataa mfumo angekuwepo Ami Nassor, binamu yake baba, mkuu wa idara ya majalada, na nilikuwa nimeshapeleka posa kwa binti yake Salma, jibu mama angelifuata Ijumaa. Nilitaka anione mtu.

Sasa sikilizeni upumbavu. Dada yangu Raya alikuwa na picha ya Salma aliyopigwa kwenye shughuli ya wanawake peke yao, kichwa wazi, hina mpaka viwikoni, anacheka. Nilimbembeleza wiki nzima mpaka akanipa kwenye flashi, akaniapisha asiione mtu. Na wallahi sikumwonyesha mtu. Niliiweka iwe picha ya akaunti yangu, ikawa inatokea kwenye menyu nikishaingia, ndogo kama ukucha, nyuma ya neno la siri nilijualo peke yangu. Nikaizoea mpaka nikasahau kuwa ipo.

Skrini mpya niliijaribu kwenye kompyuta ya majaribio, yenye watumiaji wa uongo. Asubuhi ya kikao ile kompyuta ikagoma kuwaka, na mimi kwa haraka zangu nikaiweka skrini kwenye kompyuta yangu mwenyewe, nikaibeba hivyo hivyo mpaka kwenye projekta.

Nikawasha, nikawageukia wakubwa nikimwaga maneno matamu kwa Kiarabu, mgongo wangu ukutani, mpaka nilipoona macho yao hayapo kwangu tena. Nikageuka. Salma, kichwa wazi, mkubwa kama mlango, na chini yake limeandikwa jina langu mimi.

Nikarukia mbele ya ukuta kumficha, picha ikahamia kwenye kanzu yangu nyeupe, Salma anacheka kifuani pangu mbele ya baba yake. Nikaizima kompyuta. Karani mmoja mwenye roho nzuri akadhani imezimika kwa bahati mbaya, akaiwasha, na kwa kuwa nilikuwa nimeamua skrini ile ndiyo iwe ya kila mara, Salma akarudi.

Mkurugenzi akauliza kwa Kiarabu, huyu nani? Onyango, aliyekuja kunisaidia nyaya za projekta, akajua kuna msiba, ingawa hakujua ni wa nani, akadakia kwa Kiarabu chake cha kuokoteza kuwa ni picha ya mfano tu, imekuja na mfumo. Mkurugenzi akanitazama. "Kweli?"

Nikasema, "Kweli."

Akacheka, akasema basi msichana huyu awekwe kwenye kompyuta zote, watu watawahi kazini. Chumba kizima kikacheka. Ami Nassor alikuwa anatazama meza, maana angesema neno moja tu wangejua ni wake, ikambidi akae asikilize mwanawe anavyofanyiwa mzaha. Kikao kilipokwisha alisimama karibu yangu mlangoni.

"Mama yako asihangaike Ijumaa," akasema, akaenda zake.

Hilo nililitarajia. La Salma sikulitarajia. Alipiga simu nyumbani siku ya tatu, Raya akanipa mkono wa simu bila kunitazama.

"Picha kuonekana, nnajua hukukusudia," Salma alisema. "Ningelia, nikakusamehe. Lakini wameuliza huyu nani, nawe ulikuwepo. Ukasema nimekuja na mfumo."

"Niliogopa kukufedhehesha."

"Ungewaambia huyu ni mtu na heshima zake, zimeni. Jina langu hukuwa na haja ya kulitaja. Uliogopa watazikataa kompyuta zako."

Akakata simu.

Mfumo wenyewe ulikubaliwa, nikapewa na cheti. Salma aliolewa mji wa Sohar. Tangu hapo kila kompyuta inayopita mikononi mwangu naiwekea ile ya kijivu, andika jina, andika neno la siri, na watu wakiniambia nimepitwa na wakati nakubali. Picha siweki, sitaweka tena. Kwenye akaunti yangu kimebaki kile kichwa cha kijivu anachopewa kila asiye na picha, hakina macho wala mdomo, na kila nikikiona nakumbuka kuwa siku ile mimi mdomo nilikuwa nao.