Kimulimuli Asiyewaka

Mzungu mmoja mpenda wadudu alikuja Mukuyuni kuomba watu wa kujitolea. Alitaka kimulimuli wa mchana, yule asiyewaka. Nikamuuliza, asipowaka tutamjuaje? Akanikaripia: "Kama hapana waka, lete!"

Basi tukaingia vichakani jua likiwa utosini. Kila mdudu tulimtia chunguni, tukajifunika blanketi na kuchungulia, jasho likitutiririka. Hakuna aliyewaka, kwa hiyo wote walifaa. Tukampelekea mende, kunguni, hata nyigu aliyenivimbisha mdomo.

Mzungu akafoka kwamba tunamchezea. Shangazi yangu, ambaye hakupata mdudu hata mmoja, akamsukuma mbuzi wake mbele. "Haya, mwangalie vizuri huyu," akasema kwa hasira. "Anawaka?"